Umeandika programu mwenyewe: utathibitishaje?

Robert Jacobsen ni mwanafizikia wa California ambaye saa zake za mapumziko alizitumia kuandika programu za kuendesha treni ndogo za mfano. Yeye na wenzake waliigawa programu yao, JMRI, bure. Mwaka 2005 akaletewa ankara ya zaidi ya dola 200,000: kampuni ya Matthew Katzer ilidai JMRI inaingilia hataza (patent) yake. Jacobsen akaenda mahakamani mwaka uliofuata. Kesi ikiendelea, ikajulikana kwamba programu ya Katzer ilikuwa na vipande vya mafaili ya JMRI. Majina ya waandishi hayakuwamo, tangazo la hakimiliki halikuwamo, na baadhi ya mafaili yalikuwa yamebadilishwa majina.

Agosti 2008 mahakama ya rufaa iliamua kwamba kutoa kazi bure si kuitupa, na anayekiuka masharti ya leseni huria, yaani ruhusa ya kutumia kazi bure kwa masharti, anaweza kushtakiwa kwa kuvunja hakimiliki. Mwaka 2010 wakapatana, Katzer akakubali kulipa dola 100,000.

Kesi hii hunijia kila tunapobishana: je, sisi tunaoandika programu usiku baada ya kazi, tukasajili hakimiliki?

Wanaosema hapana wana sheria upande wao. Mkataba wa Berne, wa kimataifa kuhusu hakimiliki, hauruhusu haki itegemee usajili, na sheria ya Kenya ya mwaka 2001 inaihesabu programu ya kompyuta kuwa kazi ya maandishi. Marekebisho ya 2019 yakaongeza wazi kwamba haki inaanza kazi inapowekwa katika umbo la kudumu, na kutosajili hakumzuii mwandishi kudai. Kwa hiyo haki unayo. Kinachotusumbua ni kuionyesha.

Nilijifunza hilo Mombasa. Niliwaandikia akina mama wa chama kimoja programu ya kujumlisha michango na mikopo, nikawapa kwenye flashi. Miezi michache baadaye nikaikuta kwenye kompyuta ya duka fulani, inauzwa, na jina la mtu mwingine kwenye dirisha la kwanza. Nikafungua ripoti ya mwezi. Safu ya mwisho iliandikwa "Bakaa ya mkopoo", o mbili, vilevile nilivyokosea mimi usiku ule. Muuzaji akasema hata yeye anaweza kukosea herufi. Ni kweli, anaweza. Ila mimi nilikuwa na kumbukumbu za Git, programu inayoweka historia ya kila badiliko la msimbo: siku kosa hilo lilipoingia, na kabla yake majaribio manane ya hesabu ya riba yaliyoshindwa. Anayeiba huchukua kazi iliyokamilika. Majaribio yaliyoshindwa hana.

Lakini tusiiamini Git kupita kiasi. Jina na tarehe ndani yake vinatoka kwenye kompyuta yako. Rudisha saa ya mashine hadi 2015 na kazi ya leo itasomeka ni ya 2015. Ndiyo maana anahitajika shahidi wa nje: seva isiyo yako inayopokea kazi kila jioni, au huduma ya kugonga muhuri wa muda. Wazo la muhuri huo, la watafiti Haber na Stornetta, ni la 1991. Kampuni yao ilikuwa ikichapisha alama za uthibitisho, zinazokokotolewa kutokana na mafaili yenyewe, ndani ya gazeti la New York Times, kwa kuwa gazeti lililokwisha kusambaa halibadiliki. Hata hivyo muhuri unasema faili lilikuwapo siku hiyo. Hausemi liliandikwa na nani.

Usajili nao una pengo hilohilo. Mwizi akitangulia kujaza fomu, atapata cheti. Faida yake ni kwamba polisi au hakimu asiyeijua Git anakisoma cheti mara moja, ilhali kumbukumbu za kielektroniki, chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya, zinahitaji hati ya kueleza zilivyotolewa. Huko Marekani, kazi ya huko lazima isajiliwe kabla ya kufungua kesi.

Mimi naona hivi: andika jina lako na mwaka juu ya kila faili, maana Berne inamdhania mwandishi kuwa yule ambaye jina lake limo kwenye kazi, tunza historia nje ya mashine yako, sajili siku mtu wa kwanza anapotaka kulipa.

Malipo hayo ndiyo yanayonitia hofu zaidi. Kifungu cha 31 cha sheria ya Kenya kinasema kazi uliyoagizwa, hakimiliki yake inahesabika imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Hapo unaweza kuthibitisha kila mstari ni wako na bado haki isiwe yako. Wale akina mama walinichangia nauli na chakula. Tulikuwa hatujaandikiana kitu. Programu ya pili niliwatumia kwanza ujumbe kwenye simu: programu ni yangu, ninyi mtaitumia bila malipo muda wote mtakao, msimpe mtu kuiuza. Mwenyekiti akajibu, "Sawa mwanangu, tumekubali." Ujumbe huo nimeuhifadhi pamoja na msimbo.