Mwandishi wa Habari Akiandika Wachawi, Kosa Liko Wapi?

Juzi kwenye uzinduzi wa kitabu, mzee mmoja anayeheshimika sana alishika maiki akasema mwandishi wa habari anayetunga hadithi za wachawi "amekimbia kazi". Ukumbi ukapiga makofi. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, daftari la kazi mapajani, andazi limenikwama kooni kwa hasira.

Sasa mzee wangu, shikamoo, naomba unisikilize. Terry Pratchett, yule Mwingereza uliyemcheka kwa riwaya zake za Discworld, yaani dunia bapa ya kubuni, aliacha shule 1965, ana miaka 17, akaajiriwa Bucks Free Press, gazeti dogo la Buckinghamshire, Uingereza. Hazijapita saa tatu tangu aripoti kazini, kijana kasimama mbele ya maiti yake ya kwanza. Mimi siku yangu ya kwanza nilitumwa vitumbua.

Basi msomeni Kifo, yule mhusika wake wa mifupa mitupu: mpole, anapenda paka, anapanda farasi aitwaye Binky, anaongea kwa HERUFI KUBWA. Mnadhani kaokotwa ndotoni? Ripota wa gazeti la mtaani hushinda mahakamani, kwenye vikao vya madiwani, kwa wafiwa. Anajua kifo huja Jumanne mchana, chai bado iko mezani. Anajua diwani akisema "tutalifanyia kazi" maana yake ni nini. Mji wake wa Ankh-Morpork una wachawi na majitu, ndiyo, lakini una pia mto unaonuka, polisi wanaosubiri mshahara na wenye vyeo wanaoogopa gazeti. Huko ni kukimbia kazi? Huko ni kuifanya usiku bila posho!

Na usiku kweli. Mwaka 1980 alikuwa msemaji wa bodi ya umeme, vituo vya nyuklia vikiwemo, ajali ya kituo cha nyuklia cha Three Mile Island, Marekani, ikiwa bado mbichi vichwani mwa watu. Mchana anatuliza waandishi, usiku anaandika maneno 400. Hakuacha ajira hadi 1987, riwaya nne za Discworld zikiwa zimekamilika.

Ile dunia bapa juu ya tembo wanne, tembo juu ya kasa, ndiyo iliyomchekesha mzee wetu. Ajabu. Bibi yangu alituambia dunia iko juu ya pembe ya ng'ombe, na akichoka akahamishia pembe ya pili, ardhi inatetemeka. Hatukucheka. Tulisogea karibu na jiko.

Haya, nakubali kwa shingo upande: vitabu vya mwanzo ni mizaha mitupu, na tanbihi zake zinachosha. Nakala zaidi ya milioni 85 nazo si hoja. Hata soda inauzwa.

Lakini 2007 alipogunduliwa kuwa na Alzheimer, ugonjwa unaokula ubongo na kumbukumbu, alitangaza mwenyewe, akauripoti ugonjwa wake kama habari ya mtu mwingine. Vidole viliposhindwa kuchapa, akawa anaongea, kompyuta inaandika. Hapo huwa naufunga mdomo wangu mrefu.

Alifariki Machi 2015. Alikuwa ameagiza hadithi ambazo hazijakamilika ziharibiwe, na 2017 kule Dorset, Uingereza, diski ya kompyuta yake yenye hadithi hizo ikalazwa chini, mashine ya mvuke ya kushindilia barabara, ya tani sita na nusu, ikapita juu yake mara kadhaa. Diski ikagoma kusagika. Ikabidi waipeleke kwenye mashine ya kuponda mawe.