Dakika ya 39

Juzi magharibi nilikaa Forodhani, ufukweni mwa Mji Mkongwe wa Zanzibar, na riwaya mapajani, nimebakisha kurasa chache. Ni riwaya ya wanawake wa Ufaransa mwishoni mwa Vita Vikuu vya Pili, 1944 na kuendelea. Waume wamerudi kutoka kambi za mateka na hawasemi neno. Uwanjani mwanamke ananyolewa nywele mbele ya majirani zake kwa kuwa alilala na Mjerumani. Nyuma yangu mwongoza watalii akawaambia wageni wake: "Vita vifupi kuliko vyote duniani, dakika 38 tu!" Wakacheka, wakapiga picha.

Nikafunga kitabu kwa hasira.

Agosti 27, 1896, saa tatu asubuhi, manowari za Waingereza zilianza kulipiga kasri la Sayyid Khalid, aliyekuwa amejitwalia usultani wa Zanzibar bila ridhaa yao. Watu kama 500 waliuawa au kujeruhiwa. Beit al-Hukm, nyumba ya wanawake wa kifalme, ikaangamia. Khalid alikimbilia kwa balozi wa Wajerumani, hilo tunalijua. Wanawake ambao ile ndiyo ilikuwa nyumba yao walilala wapi usiku ule? Nani alifukua kifusi kutafuta watu wake? Mwandishi wa riwaya angeanzia hapo, dakika ya 39.

Na angekuwa na mengi ya kuandika. Mwaka uliofuata, mfalme aliyewekwa na Waingereza alitia saini amri ya kukomesha utumwa. Masuria, watumwa wa kike waliowekwa na mabwana zao kama wake bila ndoa, waliachwa nje, wakahesabiwa kama wake. Mpishi wa nyumba ile ile aliweza kwenda mahakamani kudai uhuru wake. Suria ilibidi kwanza athibitishe kuwa anateswa. Ikawa hivyo hadi 1909. Miaka 12! Amri nimeisoma. Moyo wa mwanamke aliyemwona mpishi akitoka mlangoni na kurudi huru, sijausoma popote.

Rafiki yangu anayesomesha historia huniambia riwaya ni uzushi. Haya, nakubali zipo ambazo vita ni pambo tu la mapenzi na askari, nami nimeziacha katikati. Lakini nyaraka anazozitegemea yeye ziliandikwa na mabalozi na makamanda, na hao hawakuingia ndani kwa wanawake.

Bibi yangu, Mungu amrehemu, hakunisimulia Januari 1964, mwezi wa Mapinduzi ya Zanzibar, hata siku moja. Ila mpaka anakufa kilikuwapo kifurushi chini ya kitanda chake: doti ya kanga, bangili mbili, na gauni la mtoto ambalo hakuna kwetu aliyejua la nani. Sisi wajukuu tulidhani ni mambo ya uzee. Kwenye riwaya hii kuna mwanamke anayefungasha mkate mkavu kila usiku, na vita vimekwisha miaka mitano nyuma. Nilipofika hapo nililia. Inaniuma kwamba nilimkuta bibi yangu Ufaransa.

Mdogo wake yu hai, yuko Wete, Pemba. Mwezi ujao nitavuka kwenda kumwamkia. Habari za Januari sitamwuliza. Nitamwuliza lile gauni tu.