Bamiyan: Hoja ya wanaotaka mashubaka yabaki wazi

Mjadala wa bonde la Bamiyan, Afghanistan, ukiibuka, wanaopinga kujenga upya sanamu za Buddha, zilizosimama ndani ya mashubaka, yaani matundu makubwa yaliyochongwa jabalini, huonekana hawana uchungu na waliopoteza. Wanaonewa.

Wanaotaka zirudi wana hoja nzito. Wahazara, wenyeji wa bonde hilo, waliziita Salsal na Shahmama, wakazisimulia kama wapendanao. Taliban walizilipua Machi 2001, miezi miwili tu baada ya kuwaua Wahazara kule Yakaolang, wilaya ya mkoa huo huo. Anayedai zirudi anadai heshima ya watu wake. Na Timbuktu, nchini Mali, je? Makaburi ya mawalii yaliyobomolewa 2012 yalikuwa yamesimama tena kufikia 2015, UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, ikisaidia.

Lakini makaburi yale ni ya udongo, na mafundi wa Timbuktu huyakandika kizazi hadi kizazi. Bamiyan ufundi huo ulikatika zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Tena tujiulize kilichobaki ni nini. Sanamu zile, moja ya mita 55 na nyingine ya mita 38, zilichongwa jabalini, ila mikunjo ya mavazi ilifinyangwa juu ya mwamba kwa udongo uliochanganywa na majani makavu, kisha ikapakwa rangi. Ngozi hiyo ndiyo iliyosambaratika. Vipande vikubwa vilivyookolewa ni mwamba wa ndani. Ukivipandisha juu, vitashikiliwa na chuma na saruji, na umbo litakuwa la mhandisi wa leo. Na nyuso? Zilikuwa zimekwisha kutoweka karne nyingi kabla ya baruti. Tuzibuni, au tujenge sanamu mpya isiyo na uso? Sijasikia jibu linaloniridhisha. Mwaka 2013 nguzo za matofali zilipoinuliwa penye miguu ya sanamu ndogo, UNESCO ilizuia kazi, na naona ilifanya sawa.

Kinachonisikitisha zaidi ni mapango. Jabali limetobolewa mamia ya vyumba ambamo watawa wa Kibudha waliishi na kuabudu. Mwaka 2008 watafiti walitangaza kwamba baadhi ya michoro ya humo, ya karne ya 7 hivi, ilichorwa kwa rangi ya mafuta, karne nyingi kabla mbinu hiyo haijaenea Ulaya. Michoro hiyo ipo, ni ya asili, na inaharibika kwa unyevu na masizi. Fedha zikipatikana, zianzie humo, na vijana wa Kihazara wafundishwe kuihifadhi wenyewe.