Ericsson Ina Thamani Kuliko Bei ya Hisa Yake

Hapa Unguja, mazungumzo ya uwekezaji huzunguka viwanja vya Fumba, hati fungani za serikali na, tangu mwaka 2017, hisa za Vodacom Tanzania, ambazo umma uliuziwa kwa shilingi 850 kila moja. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza nani anayeziuzia kampuni za simu redio, antena na programu, ambazo bila ya hizo mnara ni chuma kitupu. Mimi huvutiwa zaidi na upande huo wa biashara, na hasa na Ericsson ya Sweden, ambayo naamini soko limekuwa likiithamini chini ya haki yake kwa sababu wengi husoma mstari wa mwisho wa hesabu na kuishia hapo.

Zichukuliwe hesabu za mwaka 2024. Faida halisi ilikuwa kiasi cha krona (sarafu ya Sweden) bilioni 0.4 tu, kutokana na mauzo ya karibu krona bilioni 248, na anayeona takwimu hiyo peke yake ana kila sababu ya kuikimbia hisa. Hata hivyo, katika mwaka huohuo, kampuni ilibakiwa na fedha taslimu za takriban krona bilioni 40 baada ya kugharamia shughuli na vifaa vyake. Tofauti hiyo inatokana kwa sehemu na Vonage, kampuni ya Marekani iliyonunuliwa mwaka 2022 kwa dola bilioni 6.2, ambayo thamani yake vitabuni ilipunguzwa kwa krona bilioni 32 hivi mwaka 2023, kisha ikapunguzwa tena mwaka 2024. Aliyenunua kiwanja kwa bei ya kuruka hapotezi fedha siku mthamini anapomwambia ukweli; alizipoteza siku aliyolipa. Ununuzi ule ulikuwa mbaya, wala sioni namna ya kuutetea, lakini fedha zake zimeshatoka na hazitatoka mara ya pili.

Sidai kwamba bilioni 40 zitapatikana kila mwaka. Sehemu yake ilitokana na kupunguza shehena ya vifaa vilivyokuwa ghalani, jambo ambalo haliwezi kurudiwa bila kikomo. Ndiyo maana natilia mkazo zaidi faida ghafi, yaani sehemu ya mauzo inayobaki baada ya kulipia gharama za bidhaa zenyewe, ambayo, bila kuhesabu gharama za kuipanga upya kampuni, ilipanda kutoka asilimia 39.6 mwaka 2023 hadi asilimia 44.9 mwaka 2024, ingawa mauzo yenyewe yalishuka. Kampuni inayopata zaidi katika kila krona ya mauzo wakati wateja wamebana matumizi haifanani na kampuni inayokufa. Pia zipo hataza zake, yaani haki za uvumbuzi, zaidi ya 60,000, ambazo watengenezaji wa simu huzilipia leseni. Mapato hayo hayahitaji kiwanda wala fundi wa kupanda mnara.

Ushindani nao umepungua kwa njia isiyo ya kawaida. Huawei ya China imezuiwa au kubanwa katika mitandao ya 5G ya nchi nyingi za Magharibi, ikiwemo Sweden yenyewe tangu 2020, na kampuni kubwa ya simu katika nchi hizo ikitaka mtandao mpya hubaki na majina machache: Ericsson, Nokia na Samsung. Mwishoni mwa 2023, AT&T, kampuni ya simu ya Marekani, iliipa Ericsson mkataba unaoweza kufikia karibu dola bilioni 14 katika miaka mitano. Upande wa pili wa habari hiyo njema ni utegemezi mkubwa kwa Marekani.

Doa la maadili lipo, tena si mbali na pwani yetu: mwaka 2019 kampuni ilikubali kulipa zaidi ya dola bilioni moja nchini Marekani kwa kesi za rushwa zilizohusisha Djibouti na nchi nyingine. Punguzo fulani la bei kwa sababu hiyo ni halali. Msomaji anayejiepusha na riba kwa sababu ya dini naye apime mikopo ya kampuni dhidi ya thamani yake sokoni, ambapo kikomo kinachotumiwa sana ni asilimia 30, na apime upya kila ripoti inapotoka.

Kipimo changu mwenyewe ni kimoja. Faida ghafi ikishuka chini ya asilimia 40 kwa robo mbili mfululizo, bila ya sababu ya kupita, hoja yangu yote itakuwa imeanguka, na hata gawio zuri halitanifanya niendelee kuzitetea hisa hizo.