Mwimbaji wa popu akiligeukia gitaa zito

Kigoma, kijana aliyejaliwa sauti na kipaji cha kutunga hupewa ushauri mmoja: imba mapenzi, tafuta biti laini. Ushauri huo una msingi. Alikiba na Diamond Platnumz wote wana asili ya huku mwisho wa reli, na nyimbo za mapenzi ndizo zilizowapa majina. Kwa hiyo mtunzi wa nyimbo laini akisema sasa anataka magitaa mazito ya roki, wengi humwona amepotea. Ulaya na Marekani jambo hili limezoeleka. Miley Cyrus alifanya hivyo mwaka 2020 kwa albamu ya Plastic Hearts, naye Demi Lovato akafuata 2022. Mashabiki hugawanyika kila mara. Mimi niko upande wa mwimbaji, ila wanaompinga wanayo hoja moja ambayo hatuipi uzito unaostahili.

Hoja yao ya kwanza, kwamba kubadilika ni usaliti au ujanja wa kibiashara, sioni kama inasimama. Alanis Morissette wa Kanada alitoa albamu mbili za popu ya kucheza, 1991 na 1992, akiwa bado kijana mdogo. Ya pili haikuuza kama ya kwanza. Akahamia Los Angeles, akakutana na prodyuza Glen Ballard, na mwaka 1995 ikatoka Jagged Little Pill: magitaa makali, sauti inayopasuka, hasira isiyofichwa. Iliuza nakala zaidi ya milioni 30 na kumpa tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka akiwa na miaka 21. Waliomshuku walisema ametengenezwa, kwa kuwa Ballard mwenyewe alitoka kwenye popu. Lakini sikiliza nyimbo zenyewe. Mwanamke aliyeachwa anamuuliza mwanamume maswali ambayo biti ya disko isingeweza kuyabeba. Maneno ndiyo yaliyoliita gitaa.

Upande wa pili yupo Kelly Clarkson, mwimbaji wa popu wa Marekani. Baada ya Breakaway ya 2004, iliyompa mafanikio makubwa, alileta My December mwaka 2007, nzito na yenye giza zaidi. Akavutana na wakubwa wa lebo yake hadharani, mauzo yakashuka, na 2009 akarudi na popu. Wapo wanaoitumia habari hiyo kama onyo. Kwangu inaonyesha gharama tu, na gharama haiwi ushahidi kwamba mtu amekosea.

Hoja nzito ya wapinzani ni ya maneno, kwamba hayasikiki. Amplifaya, yaani kikuza sauti cha gitaa, ikizidishwa nguvu mpaka gitaa lingurume, vilele vya mawimbi ya sauti hukatwa, na hapo huzaliwa sauti nyingi za juu ambazo mpigaji hakuzigusa. Sauti hizo hujaa palepale ambapo sikio hutambulia konsonanti. Mwimbaji hulazimika kupanda juu, kupiga kelele, au kurudiarudia mstari. Msikilizaji wa Kiswahili anaumia zaidi hapa, maana wimbo tunaupima kwa mashairi. Fumbo likikosa neno moja limekufa. Silabi zetu nyingi huishia kwa irabu, na irabu inaweza kuvutwa juu ya magitaa, lakini hilo linaokoa sauti tu, haliokoi maana. Shabiki wa Ujiji anayelalamika kwamba haelewi kinachoimbwa hapaswi kuitwa mshamba.

Dawa iko karibu kuliko tunavyodhani. Tabora Jazz na Kiko Kids, bendi za dansi za Tabora, zilitoka katika utamaduni wa gitaa, na huku Kigoma muziki wa Kongo umekuwa ukivuka ziwa miaka yote. Katika dansi la aina hiyo, sehemu ya kwanza ni ya mwimbaji: kisa kinasimuliwa, gitaa la solo linajibu pale tu anapopumua. Kisa kikiisha wimbo unachemka, na magitaa yanatawala. Mtunzi wa leo anaweza kupanga roki yake hivyohivyo, beti zikabaki wazi na mngurumo ukasubiri zamu yake. Wanaosema gitaa zito ni la wageni ni wasahaulifu. Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la roki la Queen, alizaliwa Zanzibar mwaka 1946.

Linalobaki ni riziki, na hapa siwezi kumfariji mtu. Msanii wa mkoani hutegemea sana harusi na sherehe, ambako wimbo usiochezeka hauitwi tena. Roki pia inahitaji mpiga drams na wapiga magitaa wa kulipwa, wakati biti inakaa kwenye kompyuta moja. Wenye kumbi na watangazaji wa redio wangeweza kupunguza mzigo huo kwa kumpa nafasi hata ya wimbo mmoja mzito katikati ya zile laini, kabla hajalazimika kuchagua kati ya sauti yake na chakula cha watoto wake.