Mpango wa miaka mitano ni mfupi kuliko umri wa mkonge

Toka Dira 2050, dira ya maendeleo ya Tanzania, izinduliwe Julai 2025 watu wanabishana sana kuhusu sayansi na ubunifu. Wengine wanataka serikali ipange miaka 25 mbele na hela itengwe kabisa, wengine wanasema acheni, nani anajua teknolojia ya 2050 itakuwa ipi? Mi naona huku kwetu Tanga pande zote mbili zina ushahidi.

Chukua Mlingano, kituo cha utafiti wa mkonge pale Muheza. Mtafiti akitaka kuchanganya aina mbili za mkonge lazima asubiri zitoe mlingoti, ule mti mrefu wa maua, zichanue, na mkonge hauna haraka, miaka saba, kumi, mwingine unazidi hapo, alafu miche mipya nayo ipandwe, ikue, ikatwe majani misimu kadhaa ndo ujue nyuzi zake zikoje. Mpango wa miaka mitano unakuwa ushaisha zamani! Chotara 11648, mkonge wa kuchanganywa unaojaa mashambani huku, kazi yake ilianzia kituo cha utafiti cha Amani, hukuhuku Muheza, kabla ya Vita vya Pili ikaendelea Mlingano, na leo hata China mkonge wanaoutegemea ni huohuo. Muhogo vilevile. Miaka ya 1930 watafiti Storey na Nichols walikaa Amani wakichanganya muhogo na ndugu yake wa porini, ule mti wa mpira, kutafuta kinga ya batobato, ugonjwa wa majani ya muhogo. Mbegu zao zikafika Nigeria, zikaendelezwa huko, na Uganda ilipopigwa na batobato kali miaka ya 90 mbegu zenye damu ile ndo zilizosaidia watu kupata tena chakula. Hakuna bajeti ya mwaka mmoja mmoja inayozaa kitu kama hicho.

Lakini wanaopinga nao wasidharauliwe. Mwaka 1964 tulivuna mkonge zaidi ya tani 230,000, tukiongoza duniani. Ungekaa mwaka ule upange sayansi ya taifa ya miaka 25 ungeweka kila senti kwenye katani, nani angekulaumu? Kamba za plastiki zikaja, bei ikaanguka, 1967 mashamba mengi yakataifishwa na usimamizi ukayumba, kufika miaka ya 90 tunazungumzia tani elfu ishirini na kitu. Kwa hiyo mpango mrefu unaochagua zao moja au teknolojia moja ni hatari kweli, na nikisikia sasa hivi kila mtu anataja akili bandia naogopa tusirudie yaleyale.

Kwangu mimi cha kupanga muda mrefu ni watu, mashamba ya majaribio na kumbukumbu zake, mada ziachwe zibadilike. Amani ilianza 1902 enzi za Mjerumani kwa mambo ya kilimo, utafiti wa kilimo ukahamishiwa Muguga Kenya, pakabaki na utafiti wa malaria na kazi ikaendelea. Tena chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa kwa watoto wa Korogwe na Bagamoyo, ilianza kutengenezwa miaka ya 80 na WHO ikaipendekeza 2021. Subira hiyo yote ililipiwa na kampuni ya dawa ya GSK na wafadhili wa nje, mpango haukuwa wetu, na hilo linaniuma maana watoto walikuwa wetu.

Nchi za Afrika zimeahidi asilimia 1 ya pato la taifa iende kwenye utafiti, sisi hatujafika. Hata kabla ya kufika, vituo kama Mlingano vihakikishiwe hela ya miaka kumi isiyoguswa kila Juni bajeti inapopangwa, inayobaki ndo ishindaniwe na mawazo mapya, na mtafiti anayekaribia kustaafu apewe kijana wa kukaa naye miaka kadhaa kabla hajaondoka. Hiyo 11648 inashambuliwa na madoa ya Korogwe, ugonjwa wa majani ya mkonge. Ukianza kutafuta mrithi wake mwaka huu, majibu ya uhakika utayapata karibu na 2050 yenyewe.