Bodaboda Zetu Zilipokwenda Ureno

"Baba, hii pikipiki naikodi au nauziwa?"

Ndivyo Bi Mkubwa wa Shangani alivyoniamsha, hata shikamoo yangu hakuingoja. Ni mteja wetu wa tangu mwanzo. Kila asubuhi hutuma meseji ya neno moja, "Shangani", na bodaboda mmoja wa kijiwe cha Soko Kuu anapita kwa wauza samaki, anachukua mzigo wake na kumpelekea. Nauli buku jero, haijawahi kuzidi. Asubuhi hiyo alikuwa amejibiwa hivi: "Nauli Sh 3,818,000. Dereva atafika baada ya saa 254."

Nikamwambia ni hitilafu ya mtandao.

"Mtandao gani usioijua Shangani? Basi mwambie kijana aniletee tasi wawili, hiyo bei tutaongea akifika."

Mimi ndiye fundi wa programu ya kijiwe hicho. Kazi yake ni ndogo tu. Mteja anataja mahali, programu inawauliza jamaa fulani wa ramani huko ng'ambo, "Shangani ya Mtwara iko wapi?", wanajibu kwa namba mbili, latitudo na longitudo. Hapo inapima umbali kutoka kijiweni na kuuzidisha kwa shilingi 500 kila kilomita. Mlango huo wa kuulizia, ambao programu moja huongea na nyingine kupitia intaneti kwa mpangilio uliokubaliwa, ndio API. Uzuri wake, hujisumbui kuchora ramani ya dunia. Ubaya wake, mlango si wako, na mwenye mlango akiamka vibaya anauhamishia upande wa pili wa nyumba.

Sijakaa sawa, mlango ukagongwa. Kijana wa kijiweni, helmeti kichwani, na hakuivua muda wote tulipoongea. Kamisheni ya kijiwe ni asilimia 10 na hukatwa kwenye salio la dereva pale tu anapopokea oda. Yeye alikuwa ameipokea ya Bi Mkubwa usingizi haujamtoka machoni.

"Kaka, nadaiwa laki tatu na themanini na moja elfu na mia nane. Na pikipiki sijaiwasha!"

Simu nazo hazikukatika. Aliyenichekesha ni mteja mmoja wa Ligula, ambaye milioni tatu na ushei hazikumshtua hata kidogo. Alijibu meseji kwa utulivu: "Fanya elfu mbili bosi, mimi wa kila siku." Nadhani ni mkulima wa korosho. Mtu aliyezoea kusikiliza bei za mnadani hatishwi na tarakimu.

Mwenyekiti wa kijiwe yeye alifungua ramani kwenye simu yake kuangalia wateja wamekaaje. Akanipigia kwa sauti ya chini.

"Mdogo wangu, wateja wote wako majini."

"Maji gani, Mwenyekiti?"

"Mengi. Sioni hata Msangamkuu."

Nikafungua laptopu nikitegemea kukuta programu imejaa maandishi mekundu. Wapi! Kila swali lilikuwa limejibiwa kwa 200, namba ambayo seva hutoa ikiwa imeridhika na kazi yake. Hakuna kilichogoma wala kuchelewa. Ila zile namba mbili zilikuwa zimebadilishana viti. Mtwara mjini iko kwenye latitudo -10.27 na longitudo 40.18. Siku zote walikuwa wakitanguliza latitudo, na usiku wa kuamkia siku hiyo wakaamua longitudo ndiyo itangulie. Basi chukua 40.18 uifanye latitudo, na -10.27 uifanye longitudo, uone unapotua: katikati ya maji ya Atlantiki, magharibi ya pwani ya Ureno, kilomita 7,636 kutoka Soko Kuu kwa mstari ulionyooka. Zidisha kwa 500. Bi Mkubwa alitozwa kihalali kabisa.

Tungekuwa Tokyo tungepona. Tokyo iko kwenye longitudo 139 na ushei, na latitudo haivuki 90, kwa hiyo namba ingekataliwa pale pale, programu ingezima, mtu angejua kuna tatizo. Lakini 40 ni latitudo halali. Madrid wanaishi humo humo na wanakula vizuri. Programu iliona namba mbili za heshima, ikazipokea, ikapiga hesabu, ikatuma watu Ureno.

Nikaenda kijiweni kueleza. Pembeni ya kijiwe kuna babu fundi viatu, Mmakonde wa upande wa Msumbiji, aliyevuka Ruvuma akiwa mtoto enzi za vita vya FRELIMO na Wareno. Kwa kawaida mazungumzo yetu ya mitandao humpita. Safari hii sindano ilisimama hewani.

"Mjukuu wangu, umesema mnawapeleka wapi?"

"Ureno, babu. Yaani si Ureno yenyewe, ni baharini, karibu na Ureno."

"Baba yangu alinibeba begani usiku tukavuka mto kuwakimbia hao. Leo wewe unanirudisha kwao kwa bodaboda?"

"Tena kwa nauli yako mwenyewe," Mwenyekiti akadakia, na kijiwe kizima kikavunjika mbavu. Abiria waliokuwa wakisubiri wakaacha kusubiri, wakakaa kabisa.

Nikawaandikia wenye ramani. Jibu lilikuja kabla sijaondoa kidole kwenye kitufe, dalili kwamba hakuna binadamu aliyelisoma swali. Wakasema mabadiliko yametangazwa kwenye ukurasa wao wa matangazo, kwamba sasa wanafuata GeoJSON, kiwango cha kuandika data za ramani, na kwamba kwa msaada wa haraka nijiunge na kifurushi cha kulipia. Nikaenda kwenye ukurasa wenyewe. Tangazo lipo, la usiku ule ule. Na kwa GeoJSON siwezi kuwabishia: waraka wake rasmi, RFC 7946 wa Agosti 2016, unasema wazi longitudo kwanza. Sawa. Lakini mtu akigeuza mpangilio, si angalau abadilishe namba ya toleo, wa zamani wabaki na lao?

"Kwani wanaruhusiwa?" kijana wa helmeti akauliza.

Nikamwambia hawa wetu wana nafuu. Februari 2023 Twitter ilitoa notisi ya wiki moja kwamba API ya bure inafungwa. Mwaka huo huo Reddit ikaanza kutoza API yake kwa bei ambayo Apollo, programu iliyopendwa sana na wasomaji wa Reddit, haikuiweza; ikafunga kazi tarehe 30 Juni.

"Wiki moja?" akasema. "Mwenye nyumba wangu, na roho yake ile, hunipa mwezi."

Kugeuza namba ni kazi ya mstari mmoja. Nikageuza, nikajaribu Shangani, ikaja Sh 1,500. Nikawarudishia madereva salio zao, nikaenda kutafuta ming'oko ya kuchemsha, maana tangu asubuhi sikuwa nimetia kitu tumboni. Hata sijafika nusu ya fungu, simu ikaita.

"Baba, imerudi ile bei ya kununulia."

Kumbe huko ng'ambo kelele zilikuwa zimewafika kutoka pande zote, wakaamua kurudisha mpangilio wa zamani. Kimya kimya, vilevile walivyouondoa. Sasa wao wanatuma sawa, programu yangu inageuza, na bodaboda za Mtwara ziko Ureno kwa mara ya pili kabla ya adhuhuri. Mteja wa Ligula alikuwa amepanda dau mwenyewe, elfu mbili na mia tano.

Hapo imani ilinitoka. Nikaizungushia Mtwara uzio. Namba yoyote ikija, programu inatazama kama ipo kati ya latitudo -11.5 na -10, na kati ya longitudo 38 na 41. Haipo? Inazigeuza ijaribu tena. Bado? Mteja hapewi nauli, ninapigiwa kengele mimi. Na kila alfajiri kabla ya adhana inawauliza wale jamaa swali la mtego: Soko Kuu liko wapi? Wakikosea, hawaulizwi kingine siku hiyo.

Kisha nikakaa na Mwenyekiti tukaandika maeneo yetu wenyewe, namba zake zikakaa kwetu: Ligula, Chuno, Magomeni, Chikongola, Shangani, stendi ya Mkanaledi, mpaka Mikindani. Wateja wengi huzunguka majina hayo hayo. Muda wote huo tulikuwa tunavuka bahari kila asubuhi kuulizia Shangani, pahali ninapofika kwa miguu.

Yale ambayo ramani yoyote haiyajui, "kwa fundi baiskeli, pale ulipokuwa mwembe", yanakwenda kwa Mwenyekiti kwa meseji, naye anajibu kilomita kutoka kichwani. Sijui kajifunzia wapi. Anapishana na setilaiti kwa shilingi mia, mia mbili. Akaniuliza kazi yake hiyo mpya inaitwaje. Nikamwambia, kwa kweli Mwenyekiti, wewe sasa ndiye API.

Cheo alikipenda. Siku zikaenda vizuri. Jumatatu moja nikaona swali la mteja wa kwanza halijajibiwa. La pili kimya, la tatu kimya. Nikampigia.

"Mdogo wangu, huduma ya bure ilikwisha jana," akasema. "Kuanzia leo swali moja chapati moja. Ukifikisha kumi, supu ya pweza."

"Mwenyekiti, mbona hukutoa taarifa?"

"Niliandika kwenye ubao wa kijiwe. Kwani husomi?"